Kopo la Chakula la Delmer

Kopo lilikuwa linavuma. Lilikuwa kopo la bati alilobebea chakula mume wangu Delmer kila alipokwenda mgodini, nami nilipoliweka mezani nilidhani ameingia nyuki. Nilipofunua, chini ya kitambaa cha buluu nilichofungia mkate wa mahindi, nikaikuta ile mashine ndogo ya kupimia vumbi, ambayo wachimbaji huvaa kifuani siku za kipimo. Alikuwa ameisahau humo. Ilikuwa inavuta hewa ya jikoni kwangu, maharage na kitunguu, na karatasi zingesema hiyo ndiyo hewa ya chini ya mlima.

Delmer aliizima, akacheka. Akanieleza kuwa msimamizi ndiye aliyewaambia waifiche koponi isivute vumbi, na wote walificha. Kipimo kikitoka kibaya mgodi ungefungwa, na bonde letu hapa Kentucky halikuwa na kazi nyingine.

"Au wewe unataka tule mawe?" akaniuliza.

Nikaosha kopo.

Aprili iliyofuata akaja Bi. Pruitt, binti mwembamba mwenye koti kubwa kumzidi, aliyekuwa akichunguza mapafu ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Alisikiliza kifua cha Delmer mbele na nyuma. Akainua picha ya mapafu dirishani, nikaona madoa meupe, kama theluji iliyokanyagwa. Kisha akazitazama karatasi za vipimo vya vumbi kwa muda mrefu.

"Bwana Delmer, mgodi wenu ni msafi kuliko kanisa," akasema. "Haya ya kifuani yameingilia wapi?"

"Muulize mke wangu. Jiko lake lile linafuka kama garimoshi."

Alicheka mpaka akakohoa. Bi. Pruitt hakucheka, alinigeukia mimi. Kopo lilikuwa limefudikizwa kando ya sahani, karibu kabisa na kiwiko chake. Mwanetu Verlin alikuwa anamaliza shule mwezi uliofuata, na jina lake lilikwisha andikwa mgodini.

"Linafuka," nikasema. "Linafuka sana."

Akaandika daftarini mwake.

Delmer aliacha kazi kabla mwaka haujaisha. Akafa baada ya miaka minne, amekaa kitini, maana kulala kulikuwa kumemshinda. Mpaka leo nikiwa peke yangu nasikia mvumo kabatini. Nafungua. Ni vyombo tu.

Mwaka jana Bi. Pruitt alirudi, kichwa mvi tupu, na daftari lile lile. Safari hii alimfuata Verlin, mtu wa miaka arobaini na saba ambaye hawezi kufika kwenye sanduku la barua mbele ya nyumba. Mashine ya oksijeni huvuma kando ya kochi lake mchana kutwa. Bi. Pruitt akatusomea alichoandika zamani: jiko la mke linafuka sana.

Nikaenda kabatini, nikatoa kopo, nikaliweka mbele yake. Nikamweleza yote, hata rangi ya kitambaa.

Verlin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua mpira wa puani.

"Mama," akasema, akasubiri pumzi. "Kopo hilo ulinipa wewe, nilipoanza mgodini. Baba akanionyesha pa kuificha ile mashine ya vumbi."

Bi. Pruitt alilikata neno jiko kwa mstari mmoja. Nikamrudishia mwanangu mpira puani, taratibu, kama nilivyokuwa nikimfuta kamasi. Halafu nikachukua kopo nikaenda kuliosha, ingawa lilikuwa safi.