Mdomo wa Chini

Mdomo wangu hauna adabu. Unakaa kimya miezi na miezi, nikila pilipili, nikigombana na watu sokoni, hauna neno. Lakini ngoja nipate furaha kubwa au hofu kubwa, hapo hapo unatoa malengelenge pembeni, yale tunayoyaita vidonda vya homa. Safari hii yalitoka Alhamisi, na Divine wangu alikuwa anafika Jumapili.

Divine ni mtoto wangu wa pekee. Nilimwona mara ya mwisho wakati wa vita, akiwa na miaka minne. Reli ilikuwa imekufa, mto umefungwa, na baba yake Badibanga, mtu wa reli kutoka Kasai, akapata nafasi mbili katika ndege ya mizigo ya Lubumbashi. Mbili, si tatu. Mimi ningefuata. Sikufuata, kwa sababu ndege ile haikurudi, na zilipoanza kurudi nyingine zilikuwa za wenye pesa. Badibanga akafia Lubumbashi, mtoto akalelewa na shangazi yake, na mimi nikabaki hapa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka uwanja wa ndege, na masufuria yangu ya sabuni. Simu zilipokuja tulitafutana, tukapatana. Yangu ni ya vitufe, haipokei wala haitumi picha. Inaleta sauti tu.

Sasa amezaa binti, amempa jina langu, Euphrasie. Alikuwa anakuja kunionyesha mtoto, alale siku mbili, arudi zake. Alhamisi ile ile jioni akanipigia.

“Mama, munganga wa hospitali alituambia neno moja. Mutu mwenye iko na kidonda ku mudomo asikaribie mutoto. Ile ugonjwa inaweza kumuua, maana angali mudogo sana. Ata kama njo nani.”

“Njo vizuri,” nikakubali. “Mumuchunge.”

Nikakata simu, nikachukua kioo.

Wakati wa vita hatukuwa na dawa wala chumvi. Tulichoma maganda ya ndizi, tukachuja majivu kwa maji, na yale maji makali tukayatia katika chakula badala ya chumvi, tukayapikia sabuni ya mawese. Jirani yangu Scholastique ndiye aliyenifundisha kuyapaka kwenye vidonda vya homa. Yanawasha, ngozi inakauka, inabanduka kama ganda la kitunguu, na chini inatoka ngozi mpya. Ukishapaka unajifunga kitambaa mdomoni nzi wasitue, na Scholastique anakucheka siku nzima. Scholastique amekwisha kufa. Kicheko chake nakikumbuka kuliko dawa yake.

Basi nilitaka majivu, na majivu sikuwa nayo. Siku hizi nani anachoma maganda? Wapika sabuni tunanunua soda, zile chembe nyeupe za dukani; ukizitia katika maji yanachemka yenyewe bila moto. Nikajiambia, vyote viwili vinageuza mawese kuwa sabuni, basi ni ndugu. Maji ya majivu tulikuwa tunayaonja kwa ulimi kujua kama yameiva. Soda hakuna anayeionja, na mimi, mpika sabuni mzima, sikujiuliza kwa nini. Nikazimua kwa maji nikijiona mjuzi, nikachovya pamba, nikapaka.

Nilipiga kelele hata mbuzi wa jirani akakata kamba. Hakuna aliyekuja, maana watu wa huku wameshazoea kelele zangu. Nikajimwagia ndoo baada ya ndoo usoni, kisha nikakaa chini uani nikalia. Si kwa maumivu tu. Nililia kwa sababu hakukuwa na hata mmoja wa kuniambia, wewe mpumbavu.

Jumapili mdomo wa chini ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi. Nikajifunga kitambaa, nikateremka mtoni. Divine alishuka kwenye mtumbwi, mrefu, anatembea kama baba yake, mtoto mgongoni. Akanikumbatia, nami nikageuza uso pembeni. Njiani nilitangulia na begi lake. Tulikuwa tunaoneana haya, kama watu waliozoeana gizani tu.

Tulipofika nyumbani akauliza, “Mama, iko nini ku mudomo?”

“Soda ya sabuni iliniunguza.”

Na hiyo ilikuwa kweli.

“Pole, Mama. Ile kazi utaacha siku gani?” Akafungua kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akaninyooshea. “Beba ndoyi yako. Muko na jina moja.”

Hapo nikaiona bahati yangu. Malengelenge hayakuonekana tena, soda ilikuwa imeyala. Ningempokea tu, nikauweka ule uso mdogo shingoni mwangu, na hakuna ambaye angejua. Nilitamani, jamani. Mikono ilikuwa imeshanyooka.

“Usinipatie,” nikasema. “Chini ya kuungua iko kidonda. Njo ile munganga alisema. Nilipaka soda ipone mbele ya mufike.”

Divine akamrudisha mtoto kifuani haraka, na ile haraka iliniuma kuliko soda. Akarudi nyuma mpaka upande wa pili wa uani. Akakaa kule, mimi huku, katikati yetu vipande vya sabuni vimeanikwa juani.

“Ile siku ya ndege pia ulijifunga kitambaa,” akasema.

Kweli. Hofu ilikuwa imenitoa vidonda, nikapaka majivu.

“Njo kitu moja tu nakumbuka. Kitambaa na macho. Hukunibusu. Nilizani umenikasirikia.”

“Hapana, mama yangu,” nikamwambia. “Hapana.”

“Toa ile kitambaa. Tuko mbali.”

Nikatoa. Mdomo wenyewe ulikuwa wa kutisha, unatoa maji. Aliniangalia muda mrefu, yeye ambaye hakuikumbuka sura yangu. Kisha akamgeuza mtoto, akamshika makwapani, akamwinua tuonane.

“Angalia mudomo ya juu. Yako ile haikuungua. Mutoto alibeba ile yako, inafanana.”

Nikacheka, kidonda kikapasuka, damu ikanishuka kidevuni, nikaendelea kucheka.

Siku mbili zile nilifua nguo za mtoto kwa sabuni yangu, nikazianika. Zaidi ya hapo sikumgusa. Walipoondoka nilibaki juu ya ukingo, mtumbwi ukavuka mpaka nikashindwa kujua kichwa kipi ni cha nani.

Mdomo umepona na alama. Divine akipiga simu anasema watarudi, nami naitikia, ingawa sote wawili tunajua bei ya ndege. Asubuhi kabla sijawasha moto nachukua kioo. Nafunika mdomo wa chini kwa kidole, namwangalia mjukuu wangu.