Kisanduku Kimoja

Zahanati ilijaa watu, ila hakuna aliyekuja kutibiwa. Wakazi waliitwa waseme wanapendelea nini: pampu ya kisima itengenezwe, au zahanati ipate mkunga wa kudumu. Mkunga waliyekuwa naye alifika Jumanne na Alhamisi tu, na uchungu wa uzazi haujui kalenda.

Dobi alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, vidole vimechubuliwa na sabuni. Alifulia nyumba sita kwa maji ya mto, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, ndoo kichwani. Nyumbani alikuwa na binti mmoja, kitinda mimba wake, mjamzito wa miezi minane, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii.

Alipofika mezani, afisa wa mipango alimsogezea karatasi bila kuinua macho.

"Weka alama kwenye kisanduku kimoja, mama."

"Na kama nataka vyote viwili, mwanangu?"

"Kila mtu anataka vyote. Sisi tunauliza unapendelea kipi."

"Kupendelea ni kwa mwenye sahani mbili."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Afisa hakucheka. Alimweleza kwamba karatasi yenye alama mbili imeharibika, na iliyoharibika haihesabiwi.

Dobi akashika kalamu. Bila maji hakuna kufua, bila kufua chungu hakiinjikwi, na mwenye mimba lazima ale leo. Kuzaa bado wiki kadhaa. Labda Mungu angejalia ikawa Jumanne. Akaweka alama kwenye maji. Nyumbani binti alimuuliza kama amemaliza, naye akasema amemaliza, akaenda kuanua nguo za watu.

Wiki tatu baadaye mwenyekiti wa mtaa aliwasomea barua ya matokeo. Kura zilikaribiana mno, ilisema barua. Wananchi hawakuonyesha chaguo la wazi, hivyo fedha zimepelekwa kwenye jambo lisilo na mvutano, yaani ukuta wa ofisi ya mtaa. Mzee mmoja akauliza ukuta ulichaguliwa na nani. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba hakuna aliyeupinga.

Jumamosi hiyo, jua la saa sita, binti akashikwa. Haukuwa uchungu peke yake: kichwa kilimpasuka na macho yakawa yanaona ukungu. Jirani akatoa mkokoteni, wakamsukuma mpaka zahanati. Mlangoni palikuwa na kufuli. Mlinzi alisema kwa aibu kwamba mkunga ni hadi Jumanne, akakimbia kutafuta gari la kuwapeleka hospitali kubwa.

Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wakijenga ukuta wa ofisi. Boza zima la maji lilikuwa limeegeshwa hapo kwa ajili ya zege. Dobi akaenda na kopo, akaomba. Fundi mkuu akamjazia. Akarudi, akamkalisha mwanawe kizingitini, akamlowesha paji la uso.

Binti alimshika kifundo cha mkono. Nguvu zake zilimtisha.

"Mama, siku ile uliweka alama wapi?"

Dobi aligeuka kutazama barabara. Mlinzi hakuwa amerudi, na barabara ilikuwa nyeupe, bila gari hata moja. Ng'ambo, mpira wa boza ulichomoka kwenye pipa na hakuna aliyeushughulikia. Maji yakavuka barabara, yakawalowesha nyayo wote wawili, yakapenya chini ya mlango uliofungwa.