Utitiri Kwenye Nyuki wa Mbao

Mume wangu Obed akiona mdudu, anaona ugonjwa. Asubuhi ile aliokota nyuki kwenye banda la ng'ombe, mmoja wa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao na kuvuma kama pikipiki iliyokwama matopeni. Alikuwa amekufa. Obed akamgeuza, akaona vijidudu vinatembea tumboni.

"Gwe Tulia! Nyuki wana utitiri! Kesho utahamia kwa ng'ombe, keshokutwa kwetu!"

Kabla sijafuta mikono, keshachanganya dawa ya kupe, kajitwika bomba la kupulizia mgongoni, anaburuta ngazi kwenda bandani. Nikamkimbilia. Pasheni zangu zote pale uani zinawategemea nyuki hao. Nyuki wadogo wanaingia kwenye ua la pasheni, wanakunywa, wanaondoka bila hata kugusa chavua. Hao wakubwa ndio wanaobeba chavua mgongoni na kuipeleka ua jingine. Wakifa, hakuna tunda, na pasheni hizo ndizo zilizomsomesha mwanangu Lugano, hapa hapa Ikuti.

Bahati nzuri Hellen, mke wa Lugano, alikuwa amekuja likizo, na kazi yake ni kufundisha habari za wadudu chuoni. Bahati mbaya, kwetu Wanyakyusa wa zamani mkamwana haonani na baba mkwe. Haongei naye, hamtazami, akimwona njiani anakwepa. Kwa hilo Obed ni mkali kuliko mchungaji. Basi msomi wangu alikuwa kajibanza nyuma ya migomba.

"Mama, mwambie hao utitiri si ugonjwa! Nyuki hao wana kifuko tumboni cha kuwabebea. Wanaishi nao tu!"

"Obed, anasema ni wapangaji wao."

"Mwambie kwangu mpangaji mchafu anafukuzwa!" Akaanza kupanda ngazi.

"Hellen, anasema..."

"Nimemsikia, mama! Mwambie huyo mmoja kafa kwa uzee!"

"Obed, kafa kwa uzee."

"Muulize umri wake kaujuaje! Alikuwepo kwenye ubatizo?"

"Mabawa yamechakaa, mama! Ayaangalie!"

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, koo langu ndilo lililokuwa linakauka. Nikasema jamani ee, mimi si mnara wa simu. Nikageuza ndoo, nikakalia, nikanyamaza. Obed naye, mkaidi yule, akashika mpini wa bomba.

Hapo Hellen akajifunika khanga kichwa kizima, akatoka migombani anapapasa hewa. Akakanyaga mavi ya ng'ombe, hakujali. Akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili.

Obed kuangalia chini, mama yangu! Akafumba macho. Kushuka hawezi, mkamwana yuko chini. Kupuliza hawezi, dawa itammwagikia mke wa mwanawe. Nyuki mmoja akatoka tunduni mwake kwenye boriti, akaanza kumzunguka masikio.

"Tulia!" akaita.

Nikakaza khanga yangu kiunoni.

"Gwe Tulia, sema kitu basi!"

Nikamtazama ng'ombe. Kucheka kulikuwa kumenibana mpaka mbavu zinauma, lakini nilijua nikifungua mdomo tu, tutaanza upya.

Ngazi ikaanza kutikisika. Obed akaiegemea boriti, akawaambia nyuki:

"Haya, kaeni. Siwapulizii. Ila mwambieni huyo aliyeshika ngazi asiiachie. Naogopa."

Obed wangu, kusema anaogopa! Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, neno hilo sijawahi kulisikia. Kicheko kikanikauka palepale.

"Siachii, baba," Hellen akajibu ndani ya khanga.

Akashuka taratibu, macho kayafumba, anatafuta kila kipandio kwa unyayo. Kwenye cha mwisho mguu wake ukagusa mkono wa Hellen. Nilidhani ataruka kama kakanyaga moto. Hakuruka. Akasimama hapo, mguu juu ya mkono ule.

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru.