Betri ya Mama Soipan

Tangazo lilibandikwa Jumatatu juu ya dirisha la tiketi, na Naisenya alilisoma akiwa bado ameketi kwenye skuta yake. Kuanzia siku hiyo, hakuna chombo cha kusafiria kinachotumia betri ya kuchaji ambacho kingepanda treni. Skuta, baiskeli za umeme, zote.

Alilisoma mara mbili. Kisha akasogea jukwaani pamoja na wengine, kwa sababu treni ilikuwa inaingia, na kwa sababu mtu akishachoka hutumaini kwamba matangazo ni ya watu wengine.

"Mama Soipan," gadi akamwambia mlangoni. "Hiyo haipandi."

Gadi huyo aliitwa Wahome, mtu mzima wa maneno machache. Kwa mwaka mzima, kabla hajaenda likizo ndefu iliyoisha siku hiyo, ndiye aliyemsaidia kuipandisha skuta kila asubuhi. Naisenya alishika usukani, Wahome akainua gurudumu la nyuma, kisha wakasalimiana. Siku hiyo alisimama mlangoni mikono ikiwa nyuma.

"Wahome, ni mimi."

"Najua ni wewe. Si umesoma tangazo?"

"Nimesoma. Sasa kazini nitafika aje?"

Wahome aliangalia saa yake. Nyuma yao watu walianza kusukumana, na mwanamume mmoja akasema, "Mama, tupishe tafadhali, tumechelewa."

Naisenya alikuwa na miaka arobaini na saba. Alishona mashuka na nguo za wagonjwa katika hospitali moja Nairobi, kazi aliyoijua vizuri na ambayo angeweza kuifanya akiwa amekaa. Miaka sita nyuma gari lilimgonga alipokuwa akivuka barabara ya Namanga, na tangu hapo nyonga yake ya kushoto ilishikiliwa na vyuma. Alitembea, lakini kwa kugawa njia: hatua mia mbili, apumzike, hatua mia mbili nyingine. Kupanda bodaboda hakuweza, maana nyonga ile haikukubali kupanuka. Skuta alinunuliwa na akina mama wa kanisa lake, na fundi mmoja wa Noonkopir akaichomelea kiti. Ilimtoa mlangoni kwake hadi stesheni, na kule mjini ilimtoa stesheni hadi hospitalini. Treni ilikuwa ya katikati tu.

Asubuhi hiyo aliiacha skuta kwa Caro, aliyeuza chai nje ya stesheni, akapanda na mkongojo wake. Alifika kazini akiwa amechelewa saa nzima. Msimamizi wake alitazama saa ya ukutani, akamtazama yeye, akarudi kwa kazi yake.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mguu ulivimba. Jioni aliketi kitandani bila kuvua viatu, akiuangalia ukuta, mpaka akumbuke kwamba hajala. Binti yake Soipan, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi Kajiado, alimpigia simu karibu kila siku.

"Mama, wacha hiyo kazi. Kuja tukae na wewe huku."

"Nikikuja huko nitashonea nani mashuka? Ng'ombe?"

Soipan alicheka. Naisenya hakucheka.

Kwa Wahome aliacha kabisa kuongea. Wahome alimsalimu kwa Kimaasai, "Supa, mama," kama alivyozoea, naye akampita kama anayepita nguzo. Kila alipomwona mlangoni alikumbuka namna alivyoangalia saa.

Alhamisi ya wiki ya tatu, alipokuwa akishuka Nairobi, mguu ulimkatalia kwenye ngazi ya mwisho. Alianguka kwa magoti, mkongojo ukaingia chini ya behewa. Watu walimzunguka, wengine wakamruka. Aliyemwinua alikuwa Wahome. Alimshika chini ya makwapa, akamketisha kwenye benchi, kisha akainama akautoa mkongojo relini. Aliponyoosha mkono, mkono wa shati ulipanda, na Naisenya akaona ngozi yake tangu kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Ilikuwa nyororo, ya waridi, imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Hiyo ilikuwa nini?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake baada ya wiki tatu.

Wahome alivuta shati chini. Halafu akakaa.

"Ndiyo ile likizo yangu. Mwezi wa pili, treni ya usiku," alisema. "Kijana mmoja alikuwa ameegemeza skuta yake hapo kwa mlango. Ikaanza kutoa moshi mweupe, inafanya kama nyoka, ssss. Watu walikuwa wamejaa, hakuna pa kukimbilia. Kulikuwa na mama yuko na mapacha, amebanwa kwa kona. Nikashika hiyo kitu nikaitupa nje. Hiyo moto si kama moto ya jiko, mama. Walimwaga maji, na bado inawaka tu pale kwa nyasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Tangazo ni tangazo." Alisugua kifundo cha mkono. "Na pia naogopa. Ile siku ya tangazo ulikuja na yako, nilisikia harufu. Haikuwa imetoa harufu, lakini nilisikia."

Hasira bado Naisenya alikuwa nayo, ila hakujua tena amwekee nani. Goti lilikuwa linatoa damu kidogo kwenye soksi. Aliipangusa, kisha akasema, "Yangu betri inatoka. Nafungua skrubu mbili tu. Mimi huitoa nikachaji nyumbani."

Wahome alifikiri. "Kwa behewa la gadi kuna ndoo za mchanga," alisema polepole. "Hakuna abiria huko. Lakini si mimi huamua."

"Nani huamua?"

"Bwana Githongo. Yuko hapa juu, ofisini."

Mara ya kwanza alipokwenda, Bwana Githongo alikuwa mkutanoni. Alimngoja hadi mchana akaondoka. Mara ya pili aliambiwa alete barua ya daktari. Daktari naye alikuwa likizo. Mara ya tatu alikuja na barua, na picha ya eksirei, na karatasi iliyokunjwa aliyopewa na Wahome, na kiondo. Alitoa betri kwenye kiondo akaiweka juu ya meza.

Githongo alisukuma kiti chake nyuma. "Mama, toa hiyo kitu mezani kwangu."

"Ndiyo hii tunaiongelea. Nimeona niilete, muonane."

"Mimi sina shida na wewe. Lakini nikikuruhusu leo, kesho watakuja arobaini."

"Wakiwa na vyuma kwa nyonga kama mimi, waruhusu pia." Alikuwa amechoka mno kupandisha sauti, na pengine ndiyo sababu Githongo alimsikiliza. "Sitaki kuingia nayo kwa watu. Skuta ipande bila betri. Betri ikae kwa gadi, kwa sanduku la chuma, ndani ya mchanga. Nikifika, anipe."

"Na gadi gani atakubali kukaa na hiyo kitu?"

Naisenya alimpa karatasi. Githongo aliisoma, akarudi juu akaisoma tena.

"Wahome ameandika hii mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Githongo alivua miwani, akajipangusa uso kwa kiganja. Alionekana naye kama mtu ambaye hakulala vizuri. Kisha akamwita karani.

Barua ilitoka baada ya siku tisa. Ilikuwa ya mtu mmoja, kwa miezi miwili. Betri isafiri peke yake ndani ya sanduku la chuma lenye mchanga, chini ya macho ya gadi, na ikionekana imevimba au imepata joto, isipokewe.

"Ikiisha unarudi hapa," Githongo alimwambia.

"Na barua nyingine ya daktari?"

"Na barua nyingine ya daktari."

Jumatatu iliyofuata Naisenya alifungua zile skrubu mbili jukwaani. Wahome aliigusa betri kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha akailaza mchangani na kuifunika. Naisenya alikaa kwenye behewa linalofuata, kiti cha mwisho. Kupitia kioo cha mlango alimwona Wahome amesimama karibu na sanduku. Alikuwa na kiti lakini hakukitumia. Kila stesheni alishuka, akapuliza kipenga, akapanda, akarudi kusimama palepale. Naisenya alikuwa amepanga kulala njiani, lakini hakuweza kufumba macho na yule mtu amesimama.

Walipofika Nairobi, Wahome alimletea betri ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Umesimama njia yote," Naisenya alisema.

"Nimesimama."

"Si ungekaa."

"Sijaweza."

Naisenya aliirudisha betri mahali pake, akakaza skrubu. Wahome alimshikia usukani mpaka alipotulia kitini. Siku hiyo alifika kazini dakika tano kabla ya wakati, akakaa mbele ya cherehani, akatunga uzi.

Wiki hiyo yote Wahome alisimama, na iliyofuata pia. Wiki ya tano ndipo Naisenya alipomwona amekaa, miguu ameinyoosha kando ya sanduku, kichwa kimeegemea ubao na macho mazito.

"Mwezi ujao narudi kwa Githongo," alimwambia siku hiyo waliposhuka.

"Sawa," Wahome alisema. "Nitaandika tena."