Ishara ya Nne

...tone lingine la asidi, polepole Mbula, usifungue koki sana, pinki bado iko, inazunguka tu ndani ya chupa, haina haraka, na mimi mwenye haraka masikio yangu hayako hapa maabara, yako bwaloni ng'ambo ya uwanja, ngoma imeanza, wanaingia sasa, filimbi ya kwanza, sawa, huyo ni Idil wa kidato cha tatu, binti wa Duale muuza mbuzi wa hapa mjini, Kikamba chake kimenyooka kuliko cha huyu Nzisa kando yangu aliyezaliwa Athi River, nilimchagua mwenyewe aongoze ngoma kwa filimbi yangu, ningemwachia nani mwingine, siku ile mwalimu Maundu aliponirudishia karatasi ya kemia yenye C akasema kama ni udaktari unataka, hiyo filimbi uiweke chini mpaka mtihani wa mock uishe, na mock ikiisha wenzangu watakuwa wameenda Embu kwa mashindano ya mkoa na kurudi, nikalia chooni, nikaosha uso, nikamfundisha Idil wiki nzima... "Umefika ngapi?" Nzisa ananiuliza, kumi na nane nukta mbili, namwambia, na sijaangalia vizuri, kumbe ni nukta nne, tone lingine... filimbi ya pili, wamegeuka, nyayo zimeshuka pamoja, lakini ishara ziko nne na mimi nilimfundisha tatu, ile ya mwisho, fupi, ya kukata ngoma, ambayo wasichana thelathini wakiikosa wanagongana, hiyo nilijifanya nimesahau, na sikusahau, nilitaka wakwame, nilitaka mwalimu Mwikali wa kwaya atume mtu hapa mlangoni aseme tunaomba Mbula kidogo tu, na Maundu akune kichwa akubali, roho mbaya gani hii, na Idil ndiye aliyeniletea chai Jumapili nikiwa na homa... filimbi ya tatu, nimegeukia dirisha, "Mbula, kazi iko mezani, haiko dirishani," Maundu huyo, ndiyo mwalimu, sasa ndipo, watagongana, pole Idil, naona aibu hadi shingoni... kimya, halafu filimbi, fupi, ngoma imekatika, nyayo zimenyamaza, zote, hata moja haijachelewa... amejulia wapi, labda ni ile miaka miwili aliyokaa mstari wa nyuma akiniangalia, na ameivuta kidogo mwishoni, mimi sikuwahi kuivuta, na imependeza, aki imependeza kuliko yangu, wanapiga makofi kule, na mimi mbona natabasamu, nilidhani nitaumia, sijaumia, au nimeumia kidogo tu, kisigino changu kinagonga sakafu chini ya meza na Nzisa ananiangalia vibaya, basi, hakuna atakayekuja kuniita leo, wataenda Embu na watacheza vizuri na mimi nitakuwa hapa na asidi yangu, tone lingine, bado, nukta sita, na jioni kabla ya masomo ya prepu nitamtafuta Idil nimwambie, akasirike akitaka, ana haki, nimwambie ile ya nne nilikunyima makusudi, nisamehe, halafu unifundishe ulivyoivuta.