Bihogo Hasimami

Jumatatu asubuhi, huko Kibimba, ng'ombe wa Agripina alizaa ndama mkubwa aliyevutwa kwa kamba na wanaume wanne. Ndama alipona. Mama yake, Bihogo, alibaki chini. Kila alipojaribu kuinuka, miguu ya nyuma ilitanuka, mmoja huku mwingine kule, akaangukia tumbo.

"Tumchinje angali hai," alisema Thobias, mume wa Agripina.

"Mguse uone!" Agripina hakuwa na ng'ombe mwingine.

Mchana alifika Shamimu, mtaalamu wa mifugo kutoka Ngara mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niokolee ng'ombe wangu."

Shamimu akapapasa nyonga. "Ndama alipopita alibana mishipa ya fahamu, ile inayofanya miguu ivutane pamoja. Tena mmemlaza vibaya. Ng'ombe huinua matako kwanza, na ili ayainue lazima arushe kichwa mbele. Huyu mbele yake kuna ukuta."

Wakamgeuza, kichwa kikaelekea uwazini. Shamimu akaifunga miguu ya nyuma kwa kamba laini, isiachane sana.

"Mbadilisheni ubavu kila baada ya saa tatu. Uzito wake mwenyewe unaua misuli ya paja analolilalia."

Siku mbili walimgeuza. Thobias alinung'unika, lakini alisukuma mpaka mgongo ukamkataa. Agripina alimkanda paja kwa maji moto, akisali rozari kwa sauti iliyokauka.

Jumatano asubuhi, Shamimu akiwa amerudi kumtazama, Bihogo alirusha kichwa. Matako yakapanda. Nyuma amesimama, mbele bado amepiga magoti, mwili mzima unatetemeka.

"Simama, Bihogo, simama!" Agripina alijitupa chini ya nyonga, akaegemeza bega. "Thobias, shika huko!"

Thobias alikimbilia, lakini paja la kushoto lilikuwa limekwisha kulegea. Ng'ombe alishuka polepole, akamlalia Agripina mguu. Wakamvuta wakamtoa.

Shamimu akaligusa paja. Lilikuwa limevimba, gumu kama gogo.

"Misuli imekufa, mama."

"Tumfunge kamba, tumwinue kwenye boriti!"

"Utakuwa umemtundika tu. Hatasimama."

Agripina aliweka mkono juu ya shingo ya Bihogo aliyekuwa akihema kwa nguvu.

"Kamwite mchinjaji," alimwambia mumewe.

Thobias hakuondoka. Aliketi kwenye nyasi, akaufunika uso kwa viganja, mabega yakimcheza. Ikabidi Agripina aende mwenyewe, akichechemea.