Malkia Anapelekwa Kupimwa

Bibi alifundisha darasa la kwanza tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na kama kulikuwa na jambo lililomkosesha raha duniani, ni mtoto kufeli. Kwa hiyo binti yake, msusi, aliporudi nyumbani akasema walimu wa chekechea wanashauri mtoto apelekwe kwa mtaalamu akapimwe usonji, bibi alisikia neno moja tu.

"Akapimwe? Basi atafaulu."

Mjukuu huyo, ambaye bibi alimwita Malkia, alikuwa na miaka mitano. Maneno alikuwa nayo mengi, ila karibu yote yalikuwa ya watu wengine. Ukimuuliza kama anataka maziwa, anakujibu kwa sauti nzito ya mtangazaji wa redio: "Wahi sasa! Ofa hii ni ya muda mfupi!" Ukimwita jina, hageuki. Lakini gusa kitasa cha mlango chumba cha pili, huyo ameshafika, maana vitasa ndivyo vilikuwa starehe yake.

Basi bibi akaanzisha tuisheni ya siri. Msusi akishatoka tu kwenda saluni, bibi anamkalisha Malkia kwenye stuli na kujifanya daktari.

"Daktari akikusalimia, mtazame machoni. Si sikioni, machoni!"

Malkia anatazama kitasa. Bibi anatoa peremende. Malkia anamumunya peremende huku akiendelea kutazama kitasa. Peremende zikaisha, lakini bibi hakukata tamaa. Alishafundisha vichwa vigumu kuliko hicho, na vingine sasa ni vya wahandisi.

Siku ya siku ikafika. Mtaalamu hakuwa na koti jeupe wala meza kubwa. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyevua viatu akaketi sakafuni katikati ya midoli, na hilo peke yake lilimshtua bibi kabla shughuli haijaanza.

"Hujambo, mrembo?" mtaalamu akasema.

Malkia akatazama kitasa cha mlango. Bibi, kwenye kiti chake ukutani, akamkodolea macho ya kumhimiza mpaka nusura adondoke. Ndipo mtoto akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi mtupu, pamoja na kikohozi chake:

"Mtazame machoni! Si sikioni, machoni! Sema sijambo daktari. Ukiulizwa marafiki, sema ninao tele. Ehem! Mama yako tusimwambie, atatuharibia."

Msusi akageuza shingo polepole kumtazama mama yake. Bibi akazama ndani ya mkoba kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

"Mama!"

"Nilikuwa namsaidia kidogo tu," bibi akajibu, uso ukiwa bado mkobani.

Mtaalamu alicheka mpaka akafuta machozi. "Bibi yangu, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Nataka kumjua huyu mtoto alivyo. Mkinionyesha mwingine, nitamsaidia huyo mwingine, na wenu atarudi nyumbani vilevile."

Akaanza kupuliza mapovu ya sabuni. Malkia akaruka kwa furaha, na yalipokwisha hakusema kitu wala kumtazama mtu; alishika mkono wa mtaalamu kama anayeshika kijiko, akausukuma kwenye chupa. Kisha yakaja maswali ya wazazi, na kila msusi alipojibu, bibi alisahihisha. Akiitwa anageuka? "Hageuki." "Anageuka akitaka." Anacheza na wenzake? "Hachezi." "Anawachagua."

"Mama, leo niache niseme ukweli," msusi akasema. "Kila simu ikilia saluni moyo unaniruka, nasema hao ni walimu, wamemchoka. Nimechoka kujibu watu kwamba hana kitu."

 Bibi alisogeza kiti chake, akamshika binti yake mkono, na tangu hapo kila swali likapata jibu moja.

Majibu walipewa waliporudi mara ya pili. Ni usonji. Bibi alikwenda kulia chooni akidhani hasikiki, akatoka, akauliza, "Haya. Tunaanzia wapi?"

Walianzia kwa mtaalamu wa mazungumzo, aliyempa Malkia kadi za picha za kuombea anachotaka. Shule ndiyo iliyowatoa jasho. Ya kwanza ilisema haina mwalimu wa watoto kama yeye. Ya pili ilikuwa na kitengo maalumu, ila ikasema viti vimejaa. Kesho yake bibi akatokea ofisini kwa mwalimu mkuu na kiti cha plastiki kichwani.

"Mlisema viti," akasema, akakitua, akakikalia.

Mwalimu mkuu akaeleza kwamba ile ilikuwa namna tu ya kusema. Bibi akamsikiliza kwa adabu zote bila kunyanyuka, mpaka kengele ya mapumziko ikalia, mpaka ikalia ya kurudi darasani. Mwishowe mwalimu wa kitengo akaitwa, akakuna kichwa, akakubali Malkia aje kwa majaribio. Majaribio hayo hayajaisha mpaka leo.

Kazi ngumu ikabaki kwa bibi mwenyewe. Mtaalamu wa mazungumzo alimtaka apunguze maneno: aseme kidogo, halafu asubiri. Kusubiri! Bibi alijaribu, mashavu yakamvimba kama mtu aliyejaza maji mdomoni.

Jioni moja akajisahau. Alikuwa akimfundisha msusi namna ya kukunja shuka, akatoka hapo akaingia kwenye bei ya sabuni, na hakuwa na dalili ya kutua. Malkia akapekua kadi zake, akachagua moja, akaja kuiweka juu ya goti la bibi. Ilikuwa picha ya kiganja kilichoinuliwa: basi, imetosha.

Bibi akanyamaza. Msusi akauma mdomo asicheke.

Halafu bibi akanyanyuka, akainua kadi juu kama kombe, akatoka nayo hadi kwa jirani bila kukumbuka kuvaa viatu.

"Jirani! Toka uone! Mjukuu wangu ameninyamazisha!"

Akamsimulia habari hiyo tangu mwanzo, kwa kirefu, mpaka taa za barabarani zikawaka.